Kilimanjaro haina habari na misuli yako

Ukipanda mlima, nunua pakiti ya krispi za viazi pale Moshi uitupie kwenye begi bila kuifungua. Ukifika Kibo Hut, mita 4,700 hivi, itoe uione ilivyovimba kama puto. Hewa ya ndani ni ileile ya Moshi, ila presha ya nje imeshuka.

Watu husema kule juu hakuna oksijeni. Ipo, asilimia 21 kama kawaida, ila kwa presha ile, pale kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakuletea kama nusu tu ya oksijeni unayopata ukiwa Dar. Mwili unashtuka, unahema haraka, moyo unaenda mbio hata ukiwa umekaa. Sasa kuhema sana kunatoa kaboni dioksidi nyingi, damu inapungua asidi, figo ndo zinarekebisha kupitia mkojo, ndo maana unakojoa usiku kucha na baridi ile, halafu wengine wanaacha kunywa maji ili wasitoke kwenye hema, kosa kubwa hilo jamani. Figo hizohizo zinaagiza uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi, lakini hiyo kazi inataka wiki kadhaa na wewe umelipia siku tano.

Gym haikukingi na ugonjwa huu wa mlimani. Kuzaliwa Marangu nako hakukingi, wapagazi wanaumwa pia na wengine wanaficha wasije wakakosa kazi. Kichwa kikiuma, ukasikia kichefuchefu, chakula hakipandi, usiendelee kupanda, baki hapohapo mpaka utulie.

Kinachotutisha sisi madaktari ni hiki. Mwambie mwenzako atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba kama mlevi, ubongo umeanza kuvimba. Akihema sana hali amekaa, au akikohoa povu la pinki, mapafu yanajaa maji. Hapo ni kushushwa saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku, mtungi wa oksijeni na dawa vinamsaidia njiani, sio vya kumsubirisha mpaka asubuhi.

Kama unapita njia ya Marangu, lipia siku moja zaidi pale kituo cha Horombo, mita 3,720, mwili uzoee. Mchana panda polepole mpaka kwenye miamba ya Zebra Rocks, kaa kidogo, kisha rudi ulale chini. Inauma mfukoni, najua.