"Kwa hiyo unasomea ubunge?"

Mwaka wangu wa kwanza wa kusomea sera za umma chuoni nimerudi likizo Uyole, Mbeya, mjomba akaniuliza hivyo mbele ya wageni, sebule nzima ikacheka. Jamani hakuna digrii ya ubunge. Katiba ya Tanzania ibara ya 67 inataka uwe raia, umefika miaka 21, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe mwanachama wa chama na kikupendekeze, na usiwe na hatia ya kukwepa kodi ndani ya miaka mitano; digrii haimo. Mjomba mwenyewe akitaka anagombea.

Afu kuna hii ya kwamba sera za umma ni kozi ya porojo, haina hesabu. Wapo wanaokuja wakikimbia hesabu, wanakutana na takwimu, uchumi na fedha za umma, wanaanza kutafuta namna ya kuhama kozi. Chukua mbolea ya ruzuku ya mpango ulioanza msimu wa 2022/23, huku kwetu kwenye mahindi na viazi kila mtu anaijua. Wengi wanaona serikali ikishatangaza bei kazi imeisha, ila mtu wa sera ndo anaanzia hapo: mkulima wa kijiji cha ndani ameandikishwa? simu aliyoandikishia bado anayo au alishaibadilisha? wakala yuko mbali kiasi gani, na nauli ya bodaboda kufuata mfuko mmoja wa kilo 50 inakula shilingi ngapi ya ile nafuu aliyopewa, na mvua za Novemba zikianza atakuwa nao mkononi au bado anapanga foleni? Hapo porojo haikusaidii, unataka data na miguu ya kutembea.

Ajira sasa. Wazee wanaamini ukimaliza unapangiwa, ila siku hizi unaomba mwenyewe kwenye Ajira Portal, yaani tovuti ya maombi ya kazi za serikali, unaitwa usaili, mko umati kwa nafasi chache. Na mtego mkubwa ni jina la digrii. Tangazo la mtendaji wa kata au afisa tarafa linataja fani kwa majina, utawala, sheria, sosholojia na kadhalika, sasa yako isipotajwa utajieleza mpaka uchoke. Kwa hiyo dogo, kabla hujajaza fomu ya chuo soma matangazo ya kazi kwanza, sio baada ya miaka mitatu kama wengine tulivyofanya (najijua).

Na sio lazima uhamie Dodoma. Wizara ziko huko sawa, ila sera nyingi zinafia au zinapona halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, inasimamiwa hukuhuku, na fildi yangu nilikaa na mafaili ya vikundi hivyo, nikajifunza mengi kuliko semista mbili za darasani.

Mjomba siku hizi ananipigia kuuliza kikundi cha mke wake kiandikeje katiba ili kisajiliwe. Bado ananiita mheshimiwa.