Mtetezi wa watoto si mgawa madaftari

Jumamosi moja nilikuwa kwenye ukumbi hapa Malindi, wapi na wa nani nitaweka siri, MC akashika maikrofoni akasema "sasa tumkaribishe mtetezi wetu wa watoto", akapanda jamaa na katoni za madaftari na kreti za soda, watoto wakapangwa mstari, picha zikapigwa weee mpaka kitoto kimoja kikaanza kulia manake soda zilikuwa zangojea kamera. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, sikatai, daftari ni daftari. Lakini neno hili nimeshalisikia likitumiwa hivi mara nyingi mno mwaka huu na leo mniwie radhi.

Utetezi wa watoto, kwa haraka haraka, ni kuibana serikali ibadilishe sheria, sera au bajeti ili hali ya watoto wa mahali fulani iwe bora, wote, hata usiowajua, na kitu cha kuibania ni takwimu. Basi. Tuje kwenye neno lenyewe.

Mzizi wake ni teta. Kwetu huku kuteta ni kubishana, kugombana, na ukimteta mtu umemsema vibaya. Sasa ongeza ile e ya kufanyia, kama vile pika inavyokuwa pikia na lia inavyokuwa lilia, unapata tetea, yani kuteta kwa ajili ya mtu, kuingia kwenye ugomvi wake. Kwa hivyo neno lenyewe lina ugomvi tumboni, na ugomvi hauwi wa mtu mmoja. Mama akienda shule kumtetea mwanawe, yuko mwalimu anayebishana naye. Wakili akimtetea mtu kortini, uko upande wa mashtaka. Haya, yule jamaa wa ukumbini alikuwa ateta na nani? Na zile soda?

(Kuku pia hutetea, akikaribia kutaga apiga kelele ua mzima, ndo maana akaitwa mtetea. Nilimwambia jirani yangu hili, mama mmoja mtu mzima auza mahamri, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema basi mwanangu hawa wetu ni mitetea kweli, ila mayai ndo hatujayaona.)

Alichofanya yule jamaa kina majina yake, na ni majina mazuri: hisani, sadaka, ufadhili. Kina thawabu inshallah. Shida ni kwamba mwenye kutoa sadaka hadai kitu kwa mtu yeyote, na anayepokea hawezi kuuliza mbona mwaka jana hukuja. Kwenye utetezi mambo yako kinyume. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao na matibabu, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaja kuyafafanua zaidi. Ukishaandikiwa hivyo wewe ni mdai na kuna mdaiwa, na mdaiwa ana ofisi, ana bajeti, ana tarehe. Watoto wanaodai hawapigi kura wala hawajui mlango wa ofisi ulipo, ndo wakahitaji mtu mzima wa kuwatetea.

Sasa takwimu, hili nalo lina habari yake. Aliyesoma chuoni, yani madrasa, hata kama alitoroka mapema atalikumbuka kwenye Surat Tin ya Kurani, fii ahsani taqwiim, kwamba binadamu kaumbwa kwa umbo lililo bora kabisa. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kusimamisha na kunyoosha kitu kikae sawa. Waarabu wenyewe wakitaka kusema hizi hesabu zetu za serikali husema ihsaa, taqwiim kwao ni kalenda, na kwenye kamusi za zamani za Kiswahili utaikuta takwimu nayo imeandikwa kalenda. Ilihamia kwenye hesabu za watu baadaye. Mimi naona ilihamia mahali pazuri, manake kalenda ina adabu yake, hairuki mwezi kwa sababu mwezi huo una aibu.

Ndo maana mtu akisimama akasema "watoto wengi wa huku hawali vizuri" hajatoa takwimu, amesikitika tu, na serikali imezoea kusikitikiwa. Wengi ni wangapi, kati ya wangapi, wa umri gani, ukilinganisha na wapi? Sikiliza tofauti: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, ule wa KDHS, ulikuta kaunti ya Kilifi, ambayo Malindi imo ndani yake, watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na nchi nzima ni 18. Hapo hujapandisha sauti hata kidogo lakini aliyekaa mbele yako lazima ajibu kitu, manake ni mara mbili ya wenzetu.

Na atajibu, msidhani atanyamaza. Jibu la kwanza ambalo nimelisikia kwa masikio yangu ni kwamba "watu wa huku ni wafupi kwa asili". Hapo ndo utajua kama umekuja kuteta ama umekuja kupiga picha. Kudumaa si kukonda, mtoto aliyedumaa aweza kuwa na mashavu, ni kwamba urefu wake hauendani na umri wake, na chanzo ni lishe duni na maradhi ya mara kwa mara tangu yuko tumboni mpaka kama miaka miwili. Na hiyo ya asili, WHO, shirika la afya duniani, walipima watoto waliolelewa na kulishwa vizuri kwenye nchi sita, Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakakuta hiyo miaka 5 ya mwanzo warefuka karibu sawasawa. Mtoto wa Muscat na wa Oslo! Kwa hivyo asili tuiache ipumzike.

Kitu kingine ni kujua wa kuteta naye, watu wengi hukosea duka. Chekechea na zahanati ni za kaunti, shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa, sasa ukimfokea mwakilishi wadi kuhusu walimu wa darasa la nne atakuitikia vizuri sana na hakuna kitakachofanyika. Na makadirio ya bajeti ya kaunti yatakiwa yawe yamefika kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, mwaka wa fedha waanza 1 Julai. Ukija na takwimu zako Agosti pesa zishagawanywa.

Wala hii kazi si ya juzi. Marekani mwaka 1912 serikali ilianzisha ofisi ya watoto, ikawekwa chini ya mama mmoja aitwaye Julia Lathrop. Kazi kubwa ya kwanza aliyochagua haikuwa kugawa maziwa, ilikuwa kujua watoto wachanga wafa wangapi na kwa nini, manake majimbo mengi hayakuwa hata yakiandikisha vizazi vizuri. Wakaenda mji wa viwanda wa Johnstown, Pennsylvania, nyumba kwa nyumba, wakauliza kina mama. Wakati ule wengi walikuwa wasema ni uzembe wa mama. Hesabu ikatoka kwamba mshahara wa baba ukiwa mdogo ndo vifo vyazidi. Sa hapo hoja imehama kutoka jikoni kwa mama mpaka kwa wanaopanga mishahara na mitaro, na mwaka 1921 ikapita sheria ya kuyapa majimbo pesa za afya ya kina mama na watoto wachanga. Ilifutwa 1929, kweli, hata mtetezi hushindwa, ila alikuwa amejua ateta na nani.

Kwa hivyo ndugu zangu ma-MC, naomba kwa upole tu, mkimkaribisha mtu mwenye katoni mwiteni mfadhili, ni cheo kizuri na kitamtosha. Yule jamaa mwenyewe nilimtumia ujumbe jioni ile, nikamwambia kazi nzuri lakini lile bango lake lililoandikwa mtetezi alibadilishe neno, na kama ana nafasi kabla ya Aprili nitampa hizo namba za udumavu tuende nazo pamoja kwenye kikao cha bajeti. Amejibu kwa kidole gumba. Bango bado liko vile vile.