Unga wa kipepeo unapofusha macho?

Huku Mtwara wengi tumekua tukiambiwa ukishika kipepeo, ule unga wake ukiingia machoni unakuwa kipofu, hata mimi nilikuwa nakimbilia kunawa. Ila ule sio unga wa sumu jamani, ni magamba madogo mno yamepangwa kwenye bawa kama vigae vya paa na ndo yamebeba rangi, zile za kumsaidia kujificha, kupata mwenza au kuwatishia ndege kwamba huyu mchungu. Bluu ya kung'aa mara nyingi ni umbo la gamba tu linavyorudisha mwanga. Yakiingia jichoni yanaweza kuwasha, osha na maji. Okota kipepeo aliyekufa chini ya mkorosho, futa bawa taratibu, rangi inahamia kidoleni na bawa linabaki kama nailoni.