Je, Batman alikufa mwishoni mwa The Dark Knight Rises?

Kwa miaka kadhaa nilishikilia kwamba mwisho wa filamu hii ni ndoto ya mzee mwenye majonzi. Niliitazama katika kibanda umiza kimoja cha Ngarenaro, jijini Arusha, ikiwa imetiwa sauti ya mtafsiri, na tulipotoka nikabishana na jirani yangu wa benchi, ambaye hoja yake ilikuwa moja tu: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Niliiona hoja ya kitoto.

Filamu yenyewe iliongozwa na Christopher Nolan, ikatoka Julai 2012, na inatokana na katuni za Batman, mhusika aliyeanza kuchapishwa mwaka 1939. Mwishoni Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, anaburuta bomu la nyuklia kwa ndege yake hadi juu ya bahari, linalipuka, naye anaombolezwa. Kisha Alfred, mtumishi aliyemlea, ameketi mgahawani Florence, anainua macho na kumwona Bruce meza ya pili, pamoja na Selina Kyle, mwizi aliyekuwa mshirika wake.

Kosa langu halikuwa la kipuuzi. Mapema katika filamu Alfred anasimulia kwamba, Bruce alipotoweka kwa miaka, yeye alikwenda kila mwaka katika mgahawa kando ya mto Arno akitumaini kumwona huko siku moja, akiwa na mke na pengine watoto. Mtu anapoona kile kile alichokitamani, ni haki kumtilia shaka. Isitoshe, Nolan huyo huyo alikuwa ametoa Inception mwaka 2010, inayoishia kwenye pia, kile kichezeo cha watoto, inayozunguka bila sisi kuonyeshwa kama itaanguka, yaani kama ni kweli au ni ndoto, nami nikaibeba ile pia hadi Florence, mahali ambapo haikuwa na kazi.

Nilichokosea ni kumchukulia Alfred kuwa shahidi pekee. Chukua mfano wa bibi wa Kibosho, juu ya Moshi, ambaye kila Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani, humngojea mwanawe asiyetokea. Akisema asubuhi kwamba kijana alipita usiku, tutamwonea huruma na kumwekea chai. Lakini ikiwa mkufu uliokuwa sandukuni haupo, taa ya uani iliyokufa tangu mwaka jana inawaka, na fundi wa mjini, ambaye hajasikia neno la bibi, anasema kijana huyo alilitengeneza gari lake kwa ajili ya safari ndefu, itatubidi tumsikilize bibi upya, kwa kuwa ndoto yake haina mikono ya kutengeneza taa.

Ndivyo filamu inavyofanya. Mkufu wa lulu wa mama yake Bruce haupatikani wakati mali ya Bruce inapoorodheshwa. Kamishna Gordon wa polisi anakuta taa ya ishara ya popo, ile ya kumwita Batman, iliyokuwa imevunjika, imetengenezwa. Uzito mkubwa zaidi uko kwa Lucius Fox, mtu wa kampuni ya Bruce aliyempa ndege hiyo, anayewauliza mafundi kuhusu mfumo wa ndege kujiendesha yenyewe, ule tulioambiwa kwamba haufanyi kazi, naye anajibiwa kuwa ulikwisha kurekebishwa katika programu ya kompyuta miezi sita iliyopita na Bruce Wayne mwenyewe, maana yake ndege ingeweza kuruka bila yeye. Alfred hayupo katika mazungumzo hayo, kwa hiyo hayawezi kuwa ndani ya kichwa chake. Mimi niliyakosa kabisa, kwa sababu kibandani mtafsiri alikuwa ameyafunika kwa utani wake.

Ushahidi huu una mianya. Lulu na taa vingeweza kushughulikiwa na mtu aliyejua kwamba anakwenda kufa. Selina si hoja pia, maana Alfred alikwisha kumwona nyumbani kwa Bruce na angeweza kumwota. Zaidi ya yote, Batman anaonekana ndani ya ndege muda mfupi kabla ya mlipuko, na hatuonyeshwi alivyotoka. Nadhani picha hizo zilipangwa makusudi ili zituhadae, lakini hilo ni kisio langu tu. Jirani yangu wa benchi alipatia, ingawa steringi wake aliokolewa na marekebisho ya programu ya kompyuta.