Kabla Hujafukia Maji: Kibali Kinauliza Nini, na Kwa Nini

Malalamiko yanayotufikia sisi tunaoshughulikia vibali kuhusu ardhi iliyopatikana kwa kufukia bahari au ziwa yanafanana. Mwombaji ameshalipia mchanga na mitambo, ukuta umesimama, watu wanatembea pakavu, na bado anaulizwa maswali. Anaulizwa kwa sababu kumwaga mchanga ni sehemu fupi kuliko zote. Kibali kinahusu yatakayofuata: ardhi hiyo itatitia, yaani itashuka, kiasi gani, nani ataitunza na kwa fedha zipi, na maji yaliyoondolewa pale yataelekea wapi.

Njia kuu za kupata ardhi majini ni mbili. Ya kwanza ni kufukia kwa mchanga au mawe hadi juu ya usawa wa maji. Ya pili ni kuzungushia tuta na kupampu maji nje, kisha kuendelea kupampu. Hapo kwenye "kuendelea" ndipo wengi wanapogeuza kisogo. Uholanzi inatajwa mbele yetu karibu kila mara. Ni kweli, tuta la Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32, lilikamilika mwaka 1932 na kuitenga ghuba ya Zuiderzee na bahari, na maeneo yaliyokaushwa ndani yake ndiyo yaliyokuja kuwa sehemu kubwa ya mkoa wa Flevoland, ulioanzishwa mwaka 1986. Lakini sehemu kubwa ya mkoa huo iko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari. Pampu hufanya kazi kizazi hadi kizazi, na wakazi hulipa kodi maalumu kwa bodi za maji zinazotunza matuta. Anayetumia mfano wa Uholanzi atuoneshe basi na bodi yake ya maji.

Kuhusu kutitia, naomba tuelewane vizuri, kwa kuwa hapa ndipo nyumba zinapopasuka. Udongo wa mfinyanzi ulio chini ya bahari umejaa maji kama sifongo. Ukiubebesha mzigo wa mchanga, maji hutoka polepole sana na udongo hushuka kwa miaka mingi. Uwanja wa ndege wa Kansai, Japani, ulifunguliwa mwaka 1994 juu ya kisiwa kilichofukiwa. Wahandisi walipenyeza nguzo za mchanga zipatazo milioni moja kwenye tabaka la juu la mfinyanzi ili maji yatoke haraka. Hata hivyo tabaka za chini zaidi ziliendelea kugandamizwa, na tangu ujenzi kisiwa hicho kimeshuka zaidi ya mita 10. Nguzo za jengo la abiria ziliwekewa jeki ili jengo lisawazishwe kila linapokaa upande. Mwaka 2018 kimbunga Jebi kilisababisha uwanja huo ufurike maji.

Kukausha nako kuna kushuka kwake. Katika eneo la Holme Fen, Uingereza, nguzo ya chuma ilizamishwa ardhini mwaka 1851, kichwa chake kikiwa sawa na uso wa udongo. Leo takriban mita 4 za nguzo hiyo ziko wazi. Nguzo haikupanda. Udongo wa mboji ulipokaushwa ulisinyaa, kisha ukaoza na kupotelea hewani.

Mchanga uliomwagwa bila kushindiliwa una hatari nyingine: tetemeko likipita, hugeuka uji. Yalitokea San Francisco, mtaa wa Marina, mwaka 1989, na kwenye visiwa vya bandari ya Kobe mwaka 1995. Na anayekausha mikoko ajue kuwa tope la mikoko lina madini ya salfa ambayo yakigusana na hewa huzalisha asidi kali. Shamba alilotarajia halioti kitu, na mvua ikinyesha asidi hiyo hushuka kwa samaki wa jirani.

Sasa utaratibu, ambao haupishani sana kati ya nchi na nchi. Kwanza huja uchunguzi wa tabaka za udongo kwa visima vya majaribio, vifike chini ya tabaka laini zote, si mita chache za juu. Pili, vipimo vya mikondo, mawimbi na mashapo (mchanga na tope linalobebwa na maji) kwa misimu yote ya mwaka. Kipimo cha mwezi mmoja tunakirudisha. Tatu, tathmini ya athari kwa mazingira, ikiwamo mikutano na wavuvi na wakazi wa ufukwe mzima, kwa maana ukuta ukizuia mashapo hapa, ufukwe wa upande wa pili huliwa. Nne, chanzo cha mchanga kwa maandishi. Mchanga wa jangwani haufai kirahisi, kwa kuwa upepo umeulainisha na chembe hazishikamani. Ndiyo maana Palm Jumeirah ya Dubai ilijengwa kwa mchanga wa baharini. Na mchanga huo huchotwa mahali pa mtu mwingine: Indonesia ilipiga marufuku kuuza nje mchanga wa bahari mwaka 2003, na mwaka huohuo Malaysia iliipeleka Singapore mbele ya mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari kuhusu ufukiaji. Tano, mpango wa kusoma vipimo vya kutitia, ukiwa na jina la anayewajibika na dhamana ya fedha.

Dhana mbili zituondokee. Kufukia hakukupi umiliki. Katika nchi nyingi ardhi iliyo chini ya maji ni ya umma, na gharama zako haziigeuzi kuwa yako. Na kisiwa cha kutengeneza hakisogezi mpaka wa nchi: kifungu cha 60 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 kinasema visiwa bandia havina bahari ya kimamlaka vyenyewe, yaani ukanda wa bahari ulio chini ya mamlaka ya nchi, kinaruhusu tu eneo la usalama lisilozidi kwa kawaida mita 500.

Adhabu za kufukia bila kibali hutofautiana, lakini faini huwa ndiyo nyepesi. Kinachoumiza ni amri ya kurejesha mahali palivyokuwa kwa gharama ya aliyeharibu, na majengo yaliyopo juu hayaizuii. Aliyeuziwa kiwanja kwenye eneo hilo naye anaguswa, hata kama hakumwaga toroli moja, hivyo adai kuona kibali na rekodi za kutitia kabla ya kulipa.

Aliyekwishaanza bila kibali asimamishe kazi na kutoa taarifa. Tafadhali asikimbilie kuchimbua alichomwaga. Tope likitifuliwa ovyo hufunika majani ya bahari na matumbawe, na hiyo inahesabiwa kuwa kosa la pili. Aache kila kitu kilivyo, apige picha, atunze risiti za mchanga, na asubiri mkaguzi.