Maoni mseto juu ya albamu ya kwanza ya solo: maana yake hasa

Albamu ya kwanza ya solo ni ile ambayo mwanamuziki aliyejulikana akiwa kwenye kundi anaitoa kwa jina lake mwenyewe. Si lazima kundi liwe limevunjika. Michael Jackson alitoa ya kwake, "Got to Be There", mwaka 1972 akiwa bado anaimba na kaka zake kwenye Jackson 5. Mpaka leo wapo wanaodhani alianzia na "Off the Wall" ya 1979, kumbe ile ilikuwa ya tano.

Maoni mseto ndiyo hali inayoziandama albamu za namna hii kuliko nyingine zote. Albamu inatoka Ijumaa, Jumamosi watu wameshagawanyika: huyu anasema ni kazi bora ya mwaka, yule anasema hakuna kitu. Na hapa ndipo dhana yenyewe inapoeleweka vibaya. Mtu akisikia albamu imepokewa kwa maoni mseto, anachukulia moja kwa moja kwamba ni ya wastani, si nzuri si mbaya, akaachana nayo. Napinga kabisa tafsiri hiyo, maana imewanyima watu wengi muziki mzuri.

Tazama hesabu yake. Wasikilizaji kumi wakiipa albamu alama 60 kwa 100 kila mmoja, wastani ni 60. Watano wakiipa 90 na watano wengine wakaipa 30, wastani ni 60 vilevile. Ile ya kwanza haikumgusa mtu. Ya pili kuna watu imewateka na kuna watu imewaudhi, na kwa kawaida albamu ya kwanza ya solo iko kwenye fungu hili la pili. Tovuti ya Metacritic, iliyoanza mwaka 2001, hukusanya alama za wahakiki na kutoa namba moja, na kwa muziki albamu yenye alama kati ya 40 na 60 huwekwa kwenye kundi la mseto. Namba hiyo haikuambii watu walikubaliana kwamba ni ya kawaida au waligombana.

Kinachowagawa watu ni kwamba hawapimi kitu kimoja. Wapo wanaoipima kwa kundi: hawa wanataka kusikia kilekile walichokipenda, na kila wimbo wanauuliza kwa nini haufanani na wa zamani. Wapo wanaoipima kwa msanii mwenyewe. Wanaamini kundi lilimbana, sasa amepata nafasi, waone ana nini. Halafu wapo ambao kundi lenyewe hawakuwahi kulijali, wanasikiliza nyimbo tu kama wangesikiliza za mgeni yeyote. Albamu ileile inaweza kumkosesha raha wa kwanza kwa sababu ileile inayomfurahisha wa pili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni One Direction, kundi la pop la Uingereza, kwa sababu kundi moja lilitoa albamu tano za kwanza za solo, na kila moja ilipokewa kivyake. Vijana hao waliingia shindano la uimbaji la runinga, The X Factor la Uingereza, mwaka 2010, kila mtu na lake, ndipo wakaunganishwa kuwa kundi. Zayn Malik aliondoka Machi 2015. Wanne waliobaki wakatoa albamu ya tano Novemba mwaka huohuo kisha wakaenda mapumziko. Baada ya hapo ikaja zamu ya kila mmoja: Zayn na "Mind of Mine" mwaka 2016, Harry Styles na albamu yenye jina lake mwaka 2017, Niall Horan na "Flicker" mwaka huohuo, Liam Payne na "LP1" Desemba 2019, na Louis Tomlinson na "Walls" Januari 2020.

Ya Harry ndiyo ya kukaa nayo. Singo ya kwanza, "Sign of the Times", ilitoka Aprili 2017. Inazidi dakika tano na nusu, wakati redio za muziki wa pop zilikuwa zimezoea nyimbo zinazokaribia dakika tatu na nusu. Inaanza na piano peke yake, taratibu, sauti iko chini. Kisha inapanda mpaka kwenye ile sauti nyembamba ya juu kabisa, ngoma na magitaa yanaingia, na mwishoni kwaya inajaza kila mahali. Hakuna pa kuchezea. Msichana aliyekuwa na mabango ya One Direction chumbani, aliyezoea viitikio vya kuimba kwa pamoja huku akiruka, alikutana na kitu kama wimbo wa maombolezo. Ulishika namba moja Uingereza.

Albamu ilifuata Mei, nyimbo kumi tu. Sehemu kubwa aliirekodi Port Antonio, Jamaika, na timu ndogo iliyoongozwa na prodyuza Jeff Bhasker, na mpiga gitaa wake Mitch Rowland alikuwa mpaka muda mfupi kabla ya hapo akifanya kazi kwenye duka la piza Los Angeles. Nalitaja hilo kwa sababu linasikika: ni muziki wa watu wachache waliokaa chumba kimoja wakapiga vyombo. Kijana wa miaka 23 aliyetoka kwenye pop ya mashine akaja na roki ya miaka ya 1970. Ilishika namba moja Uingereza na Marekani.

Hapo maneno yakaanza. Waliokulia kwenye roki ya zamani walisema wanamsikia David Bowie hapa, Rolling Stones pale, Elton John kwenye piano ya "Woman", na gitaa la "Sweet Creature" likawakumbusha "Blackbird" ya Beatles. Wengine walilisema hilo kwa sifa: kijana ana masikio, amesoma. Wengine kwa lawama: kila wimbo una mwenyewe, yeye yuko wapi? Sikio lilelile limesikia kitu kilekile, hukumu mbili. Na hoja ya lawama ina uzito, nakiri, hasa kwenye "Carolina", ambapo mtindo aliouazima unasikika mapema kuliko yeye. Lakini sikiliza wimbo wa mwisho, "From the Dining Table". Ni gitaa tupu na sauti ya karibu sana, kama mtu anayeongea peke yake hotelini asubuhi. Pale hakuna wa kumlinganisha naye.

Wengine walitazama chati tu, wakasema baada ya singo ile ya kwanza hakuna iliyopata mafanikio kama yake, kwa hiyo amebahatisha. Kipimo hicho nacho ni halali, ila kinapima kitu kingine: kinapima redio. Ziara yake ilianza Septemba 2017 kwenye kumbi ndogo na mwaka uliofuata ikawa ya kumbi kubwa, kwa nyimbo hizohizo. Halafu ikaja "Fine Line" mwaka 2019, kisha "Harry's House" ya 2022 iliyopewa Grammy ya Albamu ya Mwaka Februari 2023. Leo wengi wanaisikiliza ile ya kwanza wakijua anakoelekea, na wanaisikia kwa upole ambao haukuwepo mwaka 2017. Nyimbo hazijabadilika hata moja.

Kwa Zayn ubishi ulikuwa mwingine. "Pillowtalk" ilishika namba moja Uingereza na Marekani mapema 2016, na albamu ikatoka tarehe 25 Machi 2016, mwaka mmoja kamili tangu kuondoka kwake kutangazwa. Aliacha pop akaenda R&B ya taratibu, ya usiku, akifanya kazi na Malay, prodyuza aliyeshiriki "Channel Orange" ya Frank Ocean. Waliolalamika walisema albamu ni ndefu na hali yake ni ileile mwanzo hadi mwisho. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu, katikati inalegea. Lakini ndani yake kuna kipande kifupi, "Intermission: Flower", anachokiimba kwa Kiurdu kwa namna ya kawali, uimbaji wa ibada wa Kisufi. Baba yake ni mwenye asili ya Pakistani. Msikilizaji anayetafuta ngoma ya kupiga kwenye sherehe anakiruka. Kijana wa Bradford, mji wa Uingereza alikokulia Zayn, au wa Karachi kule Pakistani aliyemfuatilia kwenye One Direction miaka mitano bila kumsikia akiimba lugha hiyo, kwake kipande hicho kinatosha kuipa albamu nzima sababu ya kuwepo. Utawapatanishaje hao wawili kwa wastani wa alama?

Niall alipata mseto wa kimyakimya, wa watu waliosema "imetulia" wengine wakimaanisha sifa na wengine wakimaanisha usingizi. Ya Louis nayo ilichelewa, lakini mashabiki wake hawakumwacha.

"LP1" ya Liam ndiyo iliyopigwa sana na wahakiki. Singo yake "Strip That Down", aliyoshirikiana na rapa Quavo, ilifanya vizuri mwaka 2017, lakini albamu haikutoka mpaka Desemba 2019, na ilipotoka ilikuwa na nyimbo 17 ambazo nyingi watu walikuwa wameshazisikia. Walioilaumu walisema ni mkusanyiko wa singo zenye mitindo tofauti, ya Kilatini huku, ya klabu kule, bila mtu mmoja wa kuziunganisha. Nadhani lawama hiyo ilikuwa na haki. Liam alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 31, na baada ya hapo mashabiki wengi walirudi kuzisikiliza nyimbo zake kwa majonzi. Maoni juu ya albamu huchanganyika na maoni juu ya mtu, na hilo halikwepeki.

Muda nao unaweza kugeuza kila kitu. Kundi la Take That la Uingereza lilivunjika Februari 1996. Gary Barlow, aliyekuwa mtunzi wao mkuu, ndiye ambaye kila mtu alimtarajia, na albamu yake "Open Road" ya 1997 ikaenda moja kwa moja namba moja. Robbie Williams, aliyeondoka kabla kwa ugomvi, akatoa "Life thru a Lens" mwaka huohuo, ikaanza kwa kusuasua na wengi wakamwona amekwisha. Desemba 1997 ikatoka singo ya "Angels". Watu wakarudi kununua albamu ambayo ilikuwa dukani kwa miezi, na mwaka 1998 ikashika namba moja. Albamu ya pili ya Gary, ya 1999, ilianguka. Anayetaka kujua maoni ya wasikilizaji juu ya albamu fulani inabidi aulize pia: maoni ya mwezi gani?

Huku kwetu Afrika Mashariki dhana hii inakaa tofauti kidogo, kwa sababu ya namna tunavyotoa muziki. Mbosso, mwimbaji wa Bongo Fleva, alikuwa akiitwa Maromboso kwenye Yamoto Band, vijana wanne waliotoka kituo cha kukuza vipaji cha Mkubwa na Wanawe, Temeke. Alisainiwa na lebo ya WCB Wasafi mwanzoni mwa 2018, lakini albamu yake ya kwanza, "Definition of Love", ilitoka Machi 2021. Katikati hapo alikuwa ameachia ngoma moja baada ya nyingine, "Hodari" ikiwemo, na kila moja ilikuwa imeshajadiliwa, imesifiwa na kupondwa YouTube na kwenye vijiwe. Wale waliotaka kumpima dhidi ya Yamoto walifanya hivyo mwaka 2018. Albamu ilipofika, kilichobaki kubishaniwa ni nyimbo zipi zilistahili kuingia na kolabo zipi zimebeba.

Bien, mwimbaji wa kundi la Sauti Sol la Kenya, ni kisa kilicho karibu zaidi na cha kina Harry. Sauti Sol walitangaza Mei 2023 kwamba wanakwenda mapumziko yasiyo na kikomo, na Novemba mwaka huohuo akatoa "Alusa Why Are You Topless?", jina la albamu likibeba jina lake mwenyewe la Alusa. Jeraha la mashabiki lilikuwa bado bichi. Waliolikumbuka kundi tangu enzi za nyimbo zao za kwanza walikuwa wanazisikiliza sauti zao zinavyopandana, na hicho ndicho hasa ambacho albamu ya mtu mmoja haiwezi kuwapa, hata awe na sauti nzuri kiasi gani. Shabiki wa Sauti Sol akikwambia kwamba kwenye albamu ya Bien kuna kitu kimepungua, anasema kweli: zimepungua sauti za wenzake. Anayemsikia Bien kwa mara ya kwanza Lagos au Johannesburg hajui kama zimepungua, na yeye pia anasema kweli.