Trento haikuagiza Baroki, jamani

Sentensi yenyewe mnaijua: "Mtaguso wa Trento uliagiza sanaa ya Baroki ili kuwarudisha Waprotestanti kundini." (Mtaguso ni mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki; huu ulifanyika Trento, kaskazini mwa Italia, kujibu Uprotestanti. Baroki ni ile sanaa ya mbwembwe, dhahabu na vivuli vizito ya karne ya 17.) Sentensi hiyo imo kwenye insha za wanafunzi wangu, imo kwenye vijitabu vya kujiandalia mtihani, na wiki hii nimeisikia kwa mwalimu mwenzangu wa historia, mtu mzima na shahada yake. Basi leo tulimalize.

Mtaguso ulifungwa Desemba 1563. Agizo lake kuhusu picha takatifu ni fupi, na lilipitishwa haraka haraka katika kikao cha mwisho, maana habari zilikuwa zimefika kwamba Papa Pius IV anaumwa. Linasema picha ziheshimiwe kwa ajili ya wale zinaowaonyesha, si kwamba zina uungu ndani yake. Zisiwe za kutamanisha. Na picha isiyo ya kawaida isiwekwe bila idhini ya askofu. Kwisha. Humo hamna neno juu ya kivuli, dhahabu wala malaika wanaoporomoka kutoka darini. Waliojaribu kulifafanua baadaye, kama Kardinali Paleotti wa Bologna mwaka 1582, walikuwa wakikanyaga breki tu.

Sasa tazameni Il Gesù, kanisa mama la shirika la Wajesuiti huko Roma, ambalo kila kitabu hulitaja kama ushahidi. Ujenzi ulianza 1568. Ile dari ya mchoraji Gaulli inayopigwa picha na kila mtalii, miili ikimwagika nje ya fremu, ni ya 1676 hadi 1679. Kabla ya hapo, dari ya ukumbi mkuu ilikuwa tupu. Agizo gani hilo linalongoja zaidi ya miaka mia moja kutekelezwa?

Hata umbo la dari lina kisa. Wajesuiti walitaka dari bapa ya mbao ili sauti ya mhubiri isipotelee kwenye mwangwi. Kardinali Alessandro Farnese, ambaye pesa zilikuwa zake, akataka ya tao. Ikajengwa ya tao. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Karne iliyofuata, Kardinali Federico Cornaro akamlipa mchongaji Bernini amchongee Mtakatifu Teresa (1647–1652), na pembeni akawaweka watu wa ukoo wake, wamekaa kwenye marumaru kama wageni rasmi wa mechi. Hilo nalo liliamriwa Trento?

Linaloniudhi kuliko yote ni mchoraji Caravaggio kufanywa msemaji wa Papa. (Wanaopenda kupima nyakati: alikuwa bado kijana anayehangaika wakati Fort Jesus ya Mombasa, kazi ya Cairati, Mmilano mwenzake, ilipoanza kujengwa mwaka 1593.) Angalieni picha yake ya Madonna wa Loreto katika kanisa la Sant'Agostino, Roma. Mahujaji wawili wamepiga magoti, na yule mwanamume ametugeuzia nyayo zake. Ni chafu, chafu ya safari ndefu, na ziko sehemu ya chini ya picha, juu tu ya altare, mbele ya uso wa padre anayesoma misa.

Kifo cha Bikira, picha yake nyingine, kiliagizwa na mwanasheria Laerzio Cherubini, kikakataliwa na watawa Wakarmeli wa kanisa kilikokusudiwa kuwekwa; mwaka 1607 Duke wa Mantua akakinunua kwa ushauri wa mchoraji Rubens. Kwa nini kilikataliwa? Vitabu vya shule vinatoa sababu moja bila kupepesa macho. Watu wa enzi hizohizo hawakubaliani: Mancini anasema Bikira alichorwa kwa sura ya kahaba, Baglione analalamikia miguu mitupu iliyovimba. Mimi zote mbili zinaninukia umbea wa mjini, na siko tayari kumnyima mwanafunzi alama kwa kuzitilia shaka.

Na Waprotestanti je, ambao nao walikuwa na Baroki yao? Kanisa la Frauenkirche la Dresden, Ujerumani, ni la Walutheri, 1726 hadi 1743. Mtunzi wa muziki Bach alikuwa Mlutheri. Tuendelee.

Kuna shimo ambalo sisi walimu hulifunika. Tunasema picha hizi "ziligusa mioyo ya waumini", lakini ushahidi tulionao karibu wote umetoka kwa makardinali, wachoraji na matajiri wenye kukusanya sanaa. Muuza samaki aliyesimama nyuma kanisani hakutuandikia kitu. Kwa hiyo sentensi hiyo, ambayo hata mimi naitumia darasani, ni kisio.

Wala sisemi Trento haikuwa na maana. Waprotestanti wa Zürich, Uswisi, walikuwa wameondoa picha makanisani tangu 1524; Trento ilihakikisha kwamba upande wa Wakatoliki kazi ya wachoraji inabaki halali. Kwa hiyo mkitaka mahali pa kuanzia insha, anzieni Antwerp, katika Ubelgiji ya leo. Agosti 1566 umati uliingia kanisa kuu na kuvunja picha na sanamu. Mwaka 1585 Wahispania wakaurudisha mji mikononi mwao, Waprotestanti wakaambiwa wageuke au wahame, na altare zilizobaki wazi zikahitaji kujazwa. Rubens alichora Kushushwa Msalabani kwa ajili ya kanisa hilohilo, 1611 hadi 1614. Aliyelipa hakuwa askofu. Kilikuwa chama cha wapiga bunduki wa mji.